Barabara imefupika, miji ya kungoja inabadilika

Na Mwandishi Wetu

TULITOKA Kongowea alfajiri kwenda Msambweni kumjulia hali mgonjwa, tukiwa na nia ya kurudi kabla ya adhuhuri. Tulirudi siku ya tatu.

Mgonjwa tulimkuta barazani anakunywa uji, na nguvu ya kututania anayo. Saa nne haijatimu tulikuwa tumekwisha kuaga. Tulipofika kwenye lami kuu, kulia Mombasa na kushoto Lunga Lunga, mwenzangu alisimamisha gari.

"Bwana, paspoti unayo?"

"Ninayo."

"Basi twende tukaone kama Tanga bado ipo."

Akakata kushoto. Paspoti yangu ilikuwa mfukoni na kitabu cha gari lake kilikuwa kwenye droo, kwa sababu mtu aliyewahi kula kwa kuvuka mpaka haachi hati nyumbani hata akienda msibani. Wake zetu tuliwapigia simu njiani. Waliyotuambia hayaandikiki gazetini.

MATINGO WA LORI LA MACHUNGWA

Mwaka 1986 sisi wawili tulikuwa vijana wa miaka 19, matingo kwenye lori lililobeba machungwa kutoka Muheza hadi soko la Kongowea. Mpaka ulikuwa umefunguliwa miaka mitatu tu nyuma. Ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Wadigo na Wasegeju wenye ndugu pande zote mbili ndio kwanza walikuwa wanaanza kutembeleana tena hadharani, kwa arusi na kwa matanga.

Barabara ya Tanga hadi Horohoro siku hizo ilikuwa ya udongo. Masika yakishika, lori hukwama nasi tukalala chini yake. Safari ambayo leo gari dogo huimaliza kwa asubuhi moja ilitula siku tatu, pengine nne. Tulingoja karani Horohoro. Tulingoja karani mwingine Lunga Lunga. Tulingoja fundi, tulingoja mvua ikatike, na mwisho tulingoja feri Likoni huku machungwa ya chini yakianza kutoa maji.

Na kila tulipongoja palikuwa na mtu anayeishi kwa kungoja kwetu. Lunga Lunga palikuwa na mama wa Kidigo aliyepika wali wa nazi na samaki. Alitutunzia fedha, alitupokelea barua, na mara moja alimficha mwenzangu asionekane na dereva aliyemkasirikia. Palikuwa na wabadilisha fedha, wauza madafu, wenye vitanda vya kulaza watu kwa usiku mmoja. Mji mzima ulisimama juu ya foleni.

LUNGA LUNGA HATUKUSIMAMA

Safari hii ya juzi, Likoni hatukuiona kabisa. Kutoka kisiwani tulishika barabara ya Dongo Kundu, tukapita juu ya madaraja yake, tukatokea Kibundani. Foleni ya feri, iliyokuwa ikimeza asubuhi nzima ya mfanyabiashara, tuliiacha upande wa pili wa maji.

Lunga Lunga nayo tuliipita bila kuzima injini. Msomaji anayevuka hapo kila wiki hatashangaa, lakini mimi nilishangaa. Chini ya utaratibu wa kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia. Anayekwenda Tanzania humalizia yote Horohoro, ambako maofisa wa nchi mbili wamekaa katika jengo moja. Anayekwenda Kenya humalizia yote Lunga Lunga. Paspoti ziligongwa, gari likapata kibali cha muda, tukakata bima ya kuvukia, tukaondoka.

Huo ni ushindi wa wafanyabiashara na hakuna haja ya kuuonea haya. Chungwa haliozi tena likimsubiri karani. Lakini mpiga hesabu aone pia upande wa pili. Mama ntilie wa Lunga Lunga, aliyekuwa akipata wateja wanaokwenda na wanaorudi, sasa wanaokwenda wanampita. Mwenzake wa Horohoro amepoteza wanaorudi. Hakuna aliyewafukuzia wateja wao. Wateja wamekosa tu sababu ya kusimama.

Kutoka Horohoro hadi Tanga ni kilomita 65 hivi za lami. Tulipita Duga na Amboni tukizungumza habari za vifo na arusi, na kabla hatujamaliza orodha ya vifo tulikuwa tumefika.

TANGA ILIYOKUWA IKINGOJA MELI

Tanga bado ipo. Ngamiani ina barabara zake za kuhesabu kwa namba, baiskeli bado ni nyingi, na mtu ukimuuliza njia bado anashuka kwenye baiskeli kukujibu. Jioni tulikwenda Raskazone kutazama bahari, kama tulivyokuwa tukifanya tukiwa hatuna senti.

Zamani, kutoka pale tuliona meli zimetia nanga mbali. Kina cha gati kilikuwa kifupi, meli kubwa haikuweza kusogea, mizigo ikashushwa kwanza kwenye matishari ndipo iletwe nchi kavu. Mzigo ulipakuliwa mara mbili na kulipiwa mara mbili. Leo bandari imechimbwa hadi kina cha mita 13, na gati lenye urefu wa mita 450 linapokea meli moja kwa moja. Upande wa Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Mji tuliouona ukisinzia baada ya bei ya mkonge kuanguka sasa unaamshwa kutoka pande mbili, bara na baharini.

Mwenzangu alitazama maji kwa muda mrefu. "Unajua," akasema, "hapa nilimfahamu Mzee wa Muheza." Nilijua. Lakini hadithi hiyo nitairudia.

PANGANI, MJI ULIOACHWA MARA MOJA

Siku ya pili tulikwenda Pangani, kusini ya Tanga, kwa sababu moja tu: huko dereva wetu alikuwa na mke wa pili, na lori lilikuwa "likiharibika" huko kila mwezi.

Pangani inajua maana ya kuachwa. Katika karne ya 19 ilikuwa bandari ya misafara. Pembe za ndovu na watumwa waliotolewa bara walipitia hapa kwenda Unguja. Hapa ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Desemba 1889. Baadaye Wajerumani walianza reli, nayo ikaanzia Tanga, mwaka 1893. Mlango wa mto Pangani una fungu la mchanga linalozuia meli kubwa, lakini Tanga ina ghuba. Biashara ilihama. Majumba ya mawe yenye milango ya nakshi yalibaki yakitazama mto.

Kilichobaki kikimsimamisha mtu Pangani ni kivuko cha kwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Sasa hata hicho kinaelekea mwisho. Barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo, kilomita 256, inajengwa kwa lami, na juu ya mto linajengwa daraja la mita 525. Ni sehemu ya ushoroba wa pwani utakaounganisha Bagamoyo na Malindi. Ukikamilika, mwenye mzigo wa Dar es Salaam hatalazimika tena kuzungukia Segera.

Pale kivukoni tulikunywa chai kwa mama mmoja mwenye meza ya maandazi na kachori. Nguzo za daraja tulikuwa tukiziona kwa mbali. Nikamuuliza kama analifurahia.

"Nalifurahia kaka yangu, kwa nini nisilifurahie? Mwanangu alijifungua usiku tukangoja kivuko mpaka kukakucha." Akageuza andazi kwenye mafuta. "Lakini daraja halinunui maandazi. Anayenunua ni anayesimama."

"Sasa utafanyaje?"

"Nimekwisha kwenda kutazama mahali, kule njia itakapopita. Wenzangu wananicheka, wanasema daraja bado. Mimi nawaambia likisha kwisha, kiwanja kitakuwa bei gani?"

Hakutaka kuonewa huruma. Alikuwa amepiga hesabu ambayo wengi wa Lunga Lunga waliipiga baada ya wateja kuondoka, na anaipiga wateja wangali mezani kwake.

MALI KAULI

Siku ya tatu tulishika njia ya kwenda Muheza. Sasa nirudie hadithi ya Mzee.

Mwaka 1987 lori letu liliharibika kweli, si kwa ajili ya mke wa dereva. Tukakaa Tanga siku tano kungoja kifaa. Mwenzangu, kwa kukosa la kufanya, akawa anakaa ufukweni na mzee mmoja mwenye shamba la machungwa Muheza, naye anangoja mzigo wake wa magunia. Walizungumza siku tano. Siku ya sita mzee akamwambia: "Kijana, wewe hutakufa tingo. Chukua machungwa yangu, nenda kayauze, uniletee fedha." Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Ilikuwa mali kauli.

Biashara ya mwenzangu, iliyomsomeshea watoto wanne na kumpatia kibanda Kongowea, ilianzia pale. Aliposhindwa kulipa mwaka mmoja kwa sababu ya mafuriko, mzee alingoja. Mzee alipopata msiba, mwenzangu alifika kabla ya maziko.

Sasa biashara anaiendesha mwanawe. Ni kijana hodari: bei za Muheza, Kongowea na Nairobi anazijua kwa simu kabla hajanawa uso. Msimu uliopita alituma malipo ya awali kwa mtu aliyempata kwa simu, mwenye sauti nzuri na picha za machungwa mazuri. Machungwa hayakuja. Simu ikawa haipatikani. Fedha ile ilikuwa mtaji wa msimu mzima.

"Sikumgombeza," mwenzangu aliniambia tukiwa njiani. "Ningemgombeza kwa nini? Mimi nilimjua Mzee kwa siku tano kwa sababu lori lilikufa. Lori lake yeye halifi. Atamjua nani, na lini?"

Muheza tuliikuta nyumba, lakini Mzee alikwisha kutangulia mbele ya haki. Tulipokelewa na mwanawe wa kiume, mtu mzima mwenye mvi, ambaye mwenzangu alimjua akiwa mtoto wa kutumwa dukani. Tuliomba dua kaburini. Tulikula. Tulikwenda shambani. Hapo, chini ya michungwa, mwenzangu alimpigia simu kijana wake.

"Jumamosi ijayo njoo Muheza. Usitume mtu. Uje wewe, ulale siku mbili."

Nilisikia kijana akiuliza kuna kazi gani ya siku mbili.

"Kukaa," baba yake akamjibu.

HESABU YA SAA ZILIZOOKOLEWA

Barabara nzuri, kituo cha pamoja na daraja vinamrudishia mfanyabiashara siku zake. Swali ni anazitumia wapi. Kungoja kulitugharimu sana, na hakuna mwenye akili atakayetaka turudishwe kwenye udongo. Lakini katika kungoja tulipata kitu tusichokilipia: tulijuana. Sasa kujuana hakuji kwenyewe, lazima mtu akusafirie. Nani anakuuzia, shamba lake liko wapi, jirani zake wanasemaje juu yake. Siku mbili za kukaa ni ghali, ila hazifikii mtaji uliopotea.

Vivyo hivyo karatasi. Zamani tulikwepa makarani kwa sababu hatukujua haki yetu. Leo mzigo wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Afrika Mashariki, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa hapo hapo mpakani. Mwenye matunda na mazao ahakikishe pia ana cheti cha afya ya mimea. Anayepita vichochoroni kuokoa saa moja huweka mzigo wote rehani.

Tulirudi kwa Horohoro bila kusimama, kama utaratibu unavyotaka, tukasimama Lunga Lunga na gunia letu moja la machungwa. Shughuli iliisha upesi. Nilikwisha kuketi ndani ya gari mwenzangu alipozima injini tena.

"Tukae kidogo, bwana."

Mahali pa mama wa Kidigo sasa pana duka la simu. Hatua chache mbele tulipata meza na chai. Meza ya pili alikuwepo dereva wa lori la vitunguu. Tulisalimiana. Kabla vikombe havijaisha tulikuwa tumejua ametokea wapi, mzigo ni wa nani, na kwamba vitunguu vya mwenye mzigo huyo huwa vimekauka vizuri. Mwenzangu hauzi vitunguu, lakini namba aliiandika.