Pesa ya Fundi Ina Kumbukumbu, Kazi Yake Haina

Mteja akimlipa fundi kwa simu jijini Kisumu, ujumbe huingia papo hapo ukiwa na jina, kiasi, tarehe, saa na namba ya muamala yenye herufi na tarakimu 10. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, pesa ya fundi imepata karani asiyelala. Kazi yenyewe haijapata. Ujumbe ule hausemi ni raketi ya nani iliyofungwa nyuzi, kwa mkazo wa paundi ngapi, kwa uzi wa aina gani, wala kama ndiyo raketi ileile iliyoletwa miezi miwili iliyopita ikiwa imekatika mahali palepale. Nashikilia kwamba programu ya kumbukumbu kwa fundi wa raketi, na kwa kila fundi ambaye kazi yake humrudia mikononi, inafaa kuanza na kazi na kuiacha pesa ifuate nyuma. Nyingi zinazouzwa kwa wafanyabiashara wadogo zimeshika njia ya kinyume: zinaandika mauzo, ambayo simu tayari imeshayaandika, na kuliacha tupu lile ambalo hakuna mwingine awezaye kuliandika.

Mji wa kando ya ziwa si mji mkuu wa tenisi. Hata hivyo kuna Nyanza Club, kuna shule za sekondari zinazopeleka wachezaji wa tenisi na badmintoni kwenye michezo ya shule, na kuna familia zenye asili ya Bara Hindi zilizokuwako tangu enzi za reli, iliyofika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, mwaka 1901. Soko kama hilo ni dogo, na ni nadra mtu kuishi kwa raketi peke yake. Lakini udogo huo ndio unaolipa daftari uzito. Fundi mwenye wateja wachache wanaorudi mwaka mzima hawezi kumpoteza mmoja na kungoja mgeni ajaze pengo. Na mteja wa raketi hurudi, au harudi, kwa sababu moja kubwa: raketi yake imetoka ikiwa vile mkono wake ulivyoizoea au haikutoka hivyo.

Hapo ndipo kazi hii inapokuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Nyuzi huanza kulegea punde raketi inapotolewa kwenye mashine, na zinaweza kupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya mkazo katika saa 24 za kwanza. Uzi wa utumbo wa ng'ombe hushikilia mkazo vizuri lakini unaogopa unyevu. Wa nailoni ni wa bei nafuu na hukatika mapema. Wa polista, ulioenea duniani baada ya Mbrazil Gustavo Kuerten kuutumia akashinda mashindano ya Ufaransa mwaka 1997, una tabia yake ya pekee: hufa bila kukatika. Mchezaji huendelea kupiga kwa miezi, mpira unaanza kumtoka nje, kiwiko kinauma, naye anadhani kasoro ni ya mkono wake kwa sababu nyuzi zote bado ziko mahali pake. Anayeweza kumwambia ukweli ni mtu mwenye tarehe ya kazi ya mwisho. Macho hayatoshi, hata ya fundi hodari.

Mashine nayo ina neno lake. Ya umeme, au ile ya uzito unaoning'inia, huendelea kuuvuta uzi hadi fundi aubane. Ya mkono inayojifunga huacha kuvuta kipimo kikishafikiwa, na uzi hulegea kidogo kabla haujabanwa. Kwa hiyo paundi 55 za mashine moja si paundi 55 za nyingine, na fundi aliyebadilisha mashine bila kuandika alikuwa akitumia ipi amepoteza maana ya namba zake zote za zamani. Ongeza jambo ambalo wachezaji wa kanda hii wanalihisi hata wasipolitaja. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Nairobi imepita mita 1,600. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinaruhusu mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, kwa kuwa hewa nyepesi huuachia mpira uende mbali. Kisumu iko chini ya mstari huo, Nairobi iko juu yake. Mwanafunzi anayejiandaa huku chini na kwenda kucheza huko juu huenda akahitaji nyuzi zilizokazwa zaidi, na akirudi azilegeze. Bila maandishi, kila safari fundi na mchezaji wanaanza kubahatisha upya.

Hata hesabu ya mali ghafi imo ndani ya kazi, haimo ndani ya pesa. Gurudumu la uzi wa tenisi huwa na mita 200, na raketi moja hula takriban mita 12. Zinatoka raketi 16 na kubaki mita 8, ambazo hazitoshi raketi nzima. Ila wapo wachezaji wanaotaka uzi wa aina moja kwa wima na mwingine kwa kukingama, na kwao mita 6 za kila aina zinatosha. Kile kipande cha mita 8 ni takataka kwa fundi asiyejua nani hufunga nyuzi mchanganyiko, na ni nusu ya kazi kwa anayejua. Taarifa ya M-Pesa, hata ukiichapisha ya mwaka mzima, haiwezi kukuonyesha faida hiyo.

Wanaoishi na ziwa wameliona jambo hili kwa ukubwa wake. Katika bandari ndogo kama Dunga, chini ya vikundi vya usimamizi wa fuo vinavyojulikana kama BMU, samaki hupimwa na kuandikwa. Tangu mwaka 2000 Kenya, Uganda na Tanzania, kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja, zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi: mitumbwi mingapi, injini ngapi, nyavu ngapi na za matundu ya ukubwa gani. Kwa nini kujisumbua kuhesabu nyavu wakati kilo za mbuta zinapimwa kila siku? Kwa sababu kilo peke yake hazijibu swali. Mavuno yakishuka, huenda samaki wamepungua, huenda mitumbwi imepungua, huenda wavuvi wamehamia kwenye omena. Ni lazima ujue juhudi iliyowekwa ndipo mavuno yakuambie kitu. Fundi aliye na taarifa ya pesa tu yuko mahali pa mtaalamu aliye na kilo tu. Anaona mapato ya Agosti yameshuka. Hajui kama wateja wamehama, kama wamehamia uzi unaodumu, au kama shule zimefunga tu.

Inaweza kusemwa kwamba fundi anakumbuka wateja wake, na kwamba kuandika ni mzigo wa bure. Hoja hii isipuuzwe, maana kumbukumbu ya fundi mzoefu ni kubwa kweli. Lakini tunao ushahidi kutoka magharibi ya Kenya kwamba mfanyabiashara mwenye akili zake timamu anaweza kupoteza pesa kila siku bila kuliona tundu. Mwaka 2014 wanauchumi Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson walichapisha utafiti kuhusu biashara ndogo za eneo hilo zilizokuwa zikipoteza mauzo kwa kukosa chenji. Walikadiria hasara kuwa kati ya asilimia 5 na 8 ya faida. Kilichotokea baadaye ndicho muhimu zaidi kwetu. Kwa kuulizwa tu kila wiki kuhusu chenji yao, wafanyabiashara walibadilisha mwenendo na mauzo yaliyopotea yakapungua. Hawakuwa wamekosa mtaji wala maarifa. Jambo lenyewe halikuwa mbele ya macho yao, na swali la kila wiki likaliweka hapo. Safu ya daftari inayodai tarehe ya kazi iliyopita ni swali la namna hiyo, na fundi hujiuliza mwenyewe kila raketi inapotua mezani.

Wengine watauliza: kama ni kuandika tu, daftari la shilingi chache lina kasoro gani? Mafundi cherehani wa soko la Kibuye wanaandika vipimo vya nguo kwa kalamu na kazi zao zinakwenda. Hapa nakubali sehemu kubwa ya pingamizi. Daftari linalojazwa kila siku ni bora kuliko programu inayofunguliwa mara moja kwa mwezi. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo wa 2014, wa Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar katika Jamhuri ya Dominika, uliwafundisha wafanyabiashara wadogo kwa njia mbili: baadhi walipewa mafunzo ya kawaida ya uhasibu, wengine kanuni chache nyepesi za kushika kichwani. Kanuni nyepesi ndizo zilizoboresha utunzaji wa hesabu kwa namna ya kuonekana. Anayemletea fundi wa Kisumu programu yenye kurasa 20 za mizania na uchakavu wa mali asishangae ikizimwa kabla ya wiki kwisha.

Ila daftari la karatasi lina mpangilio mmoja tu, wa tarehe. Ukitaka kujua raketi hii imepitia nini, unafunua kurasa moja baada ya nyingine huku mteja amesimama. Simu inaweza kupanga maandishi yaleyale kwa mteja, kwa raketi au kwa aina ya uzi, na hiyo ndiyo sababu ya pekee inayonitosha kuitetea. Haihitaji mambo makubwa. Jedwali la kawaida lenye sehemu tatu linatosha: wateja, raketi zao, na kazi zilizofanywa. Raketi ziwe na sehemu yao kwa sababu mchezaji mmoja huweza kuwa na mbili za aina moja kabisa, na bila alama ndogo kwenye mpini fundi atachanganya historia zake. Kwenye kila kazi iandikwe tarehe, uzi, mkazo wa wima na wa kukingama, mashine, mita zilizotumika, na neno moja la mteja akirudi: imekaza, imelegea, sawa. Kisha ibandikwe ile namba ya muamala ya M-Pesa. Kwa hatua hiyo moja pesa na kazi zimeunganishwa, na fundi hana haja ya kuandika jina, kiasi wala saa kwa mara ya pili.

Pingamizi zito kuliko yote halihusu mashine, linahusu woga. Utafiti wa Shirika la Takwimu la Taifa wa mwaka 2016 ulihesabu biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4 nchini, na takriban milioni 5.9 kati yake hazikuwa na leseni. Kwa wenye biashara hizo, kitabu kilichoandikwa vizuri kinaweza kuonekana kama ushahidi wanaomwandalia mtoza kodi. Woga huo una sababu, lakini unaelekezwa mahali pasipostahili. Habari za pesa zilizo rahisi kufuatwa ziko kwenye simu tayari, ziandikwe daftarini zisiandikwe. Kodi ya mauzo nayo huanzia kwa mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka, na aliye chini ya hapo ana haja ya kuweza kuonyesha kwamba yuko chini. Rekodi ya paundi na mita haimwongezei mtu kodi hata shilingi. Inamwongezea hoja mbele ya mkopeshaji. Tangu M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, mikopo ya simu imekuwa ikipimwa kwa mwendo wa pesa wa mwombaji, na fundi ambaye wateja wake hurudi kwa uaminifu anafanana huko na mtu aliyebahatika mwezi mmoja.

Upande wa mteja pia una haki zake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamgusa hata fundi mdogo. Kanuni za mwaka 2021 zinamsamehe kujisajili mwenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10, lakini hazimpi ruhusa ya kugawa namba za simu za wateja wake. Na namba za mkazo, je, ni siri ya fundi? Wapo wanaozificha wakihofu mteja atazipeleka kwa mwingine. Naona wanakosea. Karatasi ndogo inayobandikwa shingoni mwa raketi, yenye tarehe, uzi na paundi, humfanya mchezaji ajue lini arudi. Atakayehama kwa sababu amejua namba yake alikuwa ameshaamua kuhama.

Nani aitengeneze? Programu za kigeni za kazi hii zipo, lakini hulipiwa kwa dola kila mwezi na nyingine hudhani intaneti haikatiki. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno, wa chuo kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, au wa Kisumu National Polytechnic wana uwezo wa kuijenga kama mradi wa muhula mmoja. Waketi kwanza kando ya mashine, wahesabu ni mara ngapi fundi ana mkono ulio huru, na safu wanazotaka ajaze zisizidi nafasi hiyo. Ifanye kazi bila mtandao na kuhifadhi nakala unapopatikana, kwa kuwa simu huibwa na huanguka majini. Na faili libaki kwa fundi katika muundo unaofunguka kwenye simu yoyote, ili mwanafunzi akihitimu na kuhamia Nairobi, raketi itakayoletwa Jumatatu inayofuata iwe bado na historia yake.