Tukienda kununua samaki, tulinde watoto



Likizo kubwa imekaribia, na wengi wetu wauza samaki tutashuka tena Bukama, hadi maziwa ya Upemba na Kisale. Mto ni huu huu wetu wa Lualaba unaopita Nzilo. Lakini kule kuna viboko na mamba, na sisi hulala kambini kwa wavuvi siku mbili tatu, pamoja na watoto, tukingoja mzigo ujae.

Mwaka jana tulifika jua likizama. Tukaona nafasi safi isiyo na majani, tukatandika mikeka. Mama mmoja mzee wa pale akatuambia, "Wanangu, hiyo si njia ya watu. Ondoeni watoto." Tulinung'unika kwa uchovu, lakini tukahama. Usiku tulisikia pumzi nzito na majani yakikatwa. Asubuhi nyayo zilikuwa pale pale tulipotandika kwanza, vidole vinne, pana kama sahani.

Kiboko hushinda majini, na usiku hutoka kula majani, hata kilo 40. Uzito wake huweza kupita kilo 1500, na mbio zake ni kama kilomita 30 kwa saa. Hakuna mama mwenye mtoto mgongoni atakayemshinda. Hatafuti watu, lakini hukasirika akikuta mtu kati yake na maji. Basi tufike kambini mchana, tuwaulize wenyeji njia zake, tulale mbali na ukingo. Tukimwona, tusimtupie mawe wala kumpigia kelele; tumwachie njia ya kurudi majini. Moto unasaidia, lakini si ukuta. Anayetoka usiku aamshe mwenzake, na wachukue tochi.

Mamba ni mwingine. Yeye anatafuta nyama, na hungoja kimya pale watu wanapozoea kuteka maji. Kwa hiyo:
- Maji ya usiku tuyateke kabla ya jua kuzama, tukiwa wawili: mmoja anateka, mwingine anaangalia mto.
- Tusiingie majini. Tufunge kopo kwenye mti mrefu, tujaze bidoni tukiwa mbali na ukingo.
- Tusitumie nafasi moja kila siku.
- Matumbo ya samaki tusiyatupe mahali pa kuteka maji.
- Watoto waogee kambini kwa beseni. Mtoto asitumwe mtoni peke yake, hata mara moja.

Tunajua shida iko wapi: mitumbwi ikifika, sote tunakimbilia samaki, na watoto wanabaki bila mtu. Ndiyo maana tunaomba kila kundi, kabla ya kupanda treni, lichague mama mmoja wa kulinda watoto saa ile, na wenzake wamnunulie sehemu yake ya samaki kwa bei ile ile. Asipate hasara kwa sababu alilinda watoto wetu.