Viwavi juu ya ndimu: vidole kwanza, sumu mwisho



Mvua ya Septemba ikisha kurudi hapa Kivu, miti ya parsele zetu inaamka. Ndimu, machungwa na mandarini inatoa majani mapya, laini, ya kijani chepesi. Siku chache baadaye mama anapita asubuhi na ndoo yake, anakuta majani yale yameliwa na kubaki vijiti tu. Ndipo swali linarudi katika mikutano yetu: tununue dawa gani?

Juma hili tunataka kujibu kwa kirefu, kwa sababu ndani ya swali hilo kuna mambo mawili. La kwanza ni mti. Mti wa ndimu unaozaa vizuri unaleta pesa ya chumvi na sabuni, na mara nyingine unasaidia minervali. La pili ni mtoto anayecheza chini ya mti huo.

Tumjue anayekula

Kwenye miti ya ndimu na machungwa, mlaji anayeonekana sana ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya rangi ya manjano. Wote tumemwona akizunguka juu ya miti. Yule jike anashuka kwenye majani machanga na kutaga yai moja hapa, lingine pale. Yai ni la mviringo, dogo kama kichwa cha pini, rangi yake karibu na manjano.

Kiwavi akitoka katika yai anafanana na mavi ya ndege: mweusi wenye mabaka meupe. Ndiyo sababu wengi wetu tunampita bila kumwona. Akikua anageuka kijani, mnene, karibu urefu wa kidole. Ukimgusa, anatoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa, na harufu kali. Wamama wengi wanamwogopa kwa ajili ya pembe hizo, lakini haziumi wala hazina sumu kwa mtu. Zinamsaidia kufukuza maadui wadogo tu.

Akisha kushiba, anajifunga kwa uzi kwenye kijiti, anatulia, kisha anatoka kipepeo. Basi ukiona kipepeo huyo leo, anza kutafuta mayai kesho.

Mti gani uko hatarini?

Si kila mti unaoliwa unaumwa. Mti mkubwa wa ndimu, wenye majani mengi, unaweza kupoteza sehemu ya majani na bado ukazaa. Tusiupandie ngazi wala kuupigia dawa kwa ajili ya viwavi kumi.

Hatari iko kwa miche ya kitalu na miti midogo isiyopita kimo cha mtu. Mche wenye majani kumi na tano, viwavi wawili au watatu wanaumaliza kwa siku chache. Unakosa nguvu, unadumaa, na mwaka wa kuzaa unasogea mbele. Kwa hiyo nguvu zetu tuziweke huko.

Vidole ndiyo dawa ya kwanza

Kwa miti midogo, hakuna dawa ya sokoni inayopita mkono wa mama. Mara mbili kwa juma, wakati majani mapya yanatoka, tazama juu na chini ya kila jani changa. Yai, liponde kwa kidole. Kiwavi, mwangushe katika kopo lenye maji na sabuni, au wape kuku. Watoto wanaona haraka kuliko sisi. Wapatie kazi hiyo, kila mmoja na mti wake.

Tahadhari moja: viwavi wenye manyoya, ambao kwenye miti mingine wanakaa kundi kubwa juu ya shina, wasiguswe kwa mkono mtupu. Manyoya yao yanaingia katika ngozi na kuwasha vibaya. Watoto wasiwakaribie. Mtu mzima awakwangue kwa fimbo ndefu ndani ya ndoo ya maji ya sabuni, akiwa amefunika mikono na macho. Manyoya yakikuingia, usijikune wala kusugua: yatoe kwa kubandika na kubandua utepe wa gundi, kisha osha kwa maji mengi. Na wale wanaowachoma kwa kitambaa cha petroli wanaunguza gamba la mti pia. Mti unaweza kufa wakati viwavi wangeondoka wenyewe.

Tusiwaue wasaidizi. Ndege, buibui, vunjajungu na nyigu wadogo sana wanakula viwavi au kutaga ndani yao. Sumu kali inaua hao wote, na kipepeo anayekuja baadaye anakuta mti usio na mlinzi.

Kama vidole havitoshi

Mwenye mwarobaini karibu, atwange majani mabichi, ayalaze katika maji usiku mmoja, achuje kwa kitambaa, aongeze sabuni kidogo. Anyunyize jioni, kwa maana jua linapunguza nguvu yake, na arudie baada ya mvua. Inafanya kazi vizuri kwa viwavi wadogo kuliko wakubwa.

Wengine wanatumia utupa, mmea ambao wavuvi walikuwa wakilewesha nao samaki. Unaua wadudu kweli, lakini ni sumu: maji yake yasimwagike katika kisima, mtoni wala bwawa la samaki, na chombo chake kisirudi jikoni.

Sumu ya chupa ndogo

Sasa tuseme wazi. Sokoni kuna dawa inayopimwa katika chupa ya soda au ya dawa ya kikohozi, bila karatasi yenye jina. Mara nyingi baba anainunua, mama ndiye anaichanganya. Pompa haiko, basi anachovya fagio la majani katika ndoo na kunyunyiza juu ya kichwa chake. Jioni ndoo ile inakwenda kuchota maji. Chini ya mti kuna nguo zilizoanikwa, sahani, na mtoto anayeokota ndimu zilizoanguka na kulamba.

Tunaomba kila kikundi kikubali sheria hizi: hatununui dawa isiyo na jina na maandishi, hatuihamishi katika chupa ya kinywaji, haiwekwi chini ya kitanda wala karibu na unga, mwenye mimba na anayenyonyesha hawaichanganyi, na matunda hayachumwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chombo zipite.

Mtu akiwa ametokwa na mate mengi, jasho, kutapika, kutetemeka, au mboni za macho zikawa ndogo kama nukta baada ya dawa kupigwa, mvue nguo, mwoshe kwa maji na sabuni, umkimbize kituo cha afya. Usimlazimishe kutapika. Chukua chupa pia, ili muganga ajue ni sumu gani.

Neno kwa wanaokula viwavi

Katika inchi yetu viwavi ni chakula chema. Lubumbashi wanaita finkubala, Kinshasa mbinzo, na watoto wengi wanapata nguvu kwao. Lakini viwavi vya kula vinajulikana kwa aina na kwa mti wao. Mtoto asikaange kiwavi chochote alichookota kwenye parsele, na zaidi sana kama jirani amepiga dawa.

Kazi ya juma hili

Siku ya posho, kabla jua halijawa kali, kila kikundi kitembelee parsele tatu za wanachama wake. Tuanze na mama anayeishi peke yake na yule aliyejifungua. Tupande macho kwenye kila mti mdogo, tuondoe mayai na viwavi, tuhesabu. Kwenye mkutano unaofuata kila kikundi kilete hesabu yake, na jani moja lenye yai, ili wale ambao hawajaliona bado walione kwa macho yao.