Matembezi ya Pwani Huanza na Maji

Anayepanga kwenda pwani na familia kwa siku moja huanza na mahali, kisha siku ya mapumziko, kisha nauli na chakula. Maji huulizwa mwisho, na mara nyingi hayaulizwi kabisa. Ninachodai hapa ni kwamba katika mwambao wa Afrika Mashariki, tangu Lamu hadi Kilwa, mpango huo umekaa kichwa chini. La kwanza kujua ni maji yatakuwaje siku hiyo na saa ngapi. Mahali pa kwenda patokane na jibu hilo. Usalama ni sehemu ya sababu, lakini si sababu yote. Fukwe zetu nyingi hubadilika sura mara nne kwa siku, na anayefika katika saa isiyofaa hukuta kitu tofauti na alicholipia. Fungu la Nakupenda, mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, huwa mchanga mweupe wa kutandika mikeka, na baada ya saa chache huwa maji matupu. Maziwe, ng'ambo ya Ushongo wilayani Pangani, kilikuwa kisiwa chenye mivinje ambacho kasa walitagia. Bahari ilikimega hadi miti ikaisha, na leo ni fungu linalofunikwa maji yakijaa. Kwenda Maziwe bila kuuliza maji ni kulipia chombo cha kwenda kutazama bahari.

Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, tofauti ya kimo cha maji baina ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, na katika mabamvua makubwa ya karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta, hukaribia mita 4. Juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1. Si bahari zote zilivyo hivi. Sehemu nyingi za Bahari ya Mediterania maji hayapandi hata nusu mita, na nadhani ndiyo maana miongozo ya wasafiri iliyozoea fukwe za huko huizungumzia pwani kama mahali pasipohama. Chanzo kinajulikana: mwezi na jua huyavuta maji, na vikikaa mstari mmoja na dunia, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, mvuto wao hujumlishwa, na hilo ndilo bamvua; mwezi ukiwa nusu, hupunguzana, na hayo ndiyo maji mafu. Kwa kuwa mwezi huchelewa kila siku, maji nayo huchelewa kwa wastani wa dakika 50.

Hayo hufundishwa shuleni. Lisilofundishwa, na ndilo linalomfaa mtembezi kuliko yote, ni kwamba bamvua huja na saa zake. Katika mwambao huu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 na nusu asubuhi, kisha hujaa kabisa kati ya saa 10 na saa 12 jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji huwa yamejaa kuelekea adhuhuri, na hupwa jioni, tena kidogo tu. Hutapata bamvua linalopwa saa 8 mchana, hata ungengoja mwaka mzima. Kwa hiyo ukijua mwezi uko wapi, umejua pia ufukwe utakuwaje saa ya chai na saa ya kurudi nyumbani.

Mwenye kufuata kalenda ya Kiislamu ana jedwali hili tayari. Kwa makadirio, tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 za mwezi mwandamo ni za bamvua. 8 hadi 10 na 22 hadi 25 ni za maji mafu. Idi Ndogo, ambayo ni tarehe 1 Mfungo Mosi, huangukia bamvua kila mwaka. Familia zikimiminika ufukweni baada ya chakula cha mchana, maji huwa yanapanda kwa kasi yake kubwa, na jua likikaribia kuzama huanza kutoka, watoto wakiwa bado wanaoga. Idi Kubwa, tarehe 10 Mfungo Tatu, huja mwishoni mwa maji mafu, na maji yake ni ya upole zaidi. Wakristo nao wana Pasaka inayofungwa na mwezi: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia 21 Machi, hivyo Ijumaa Kuu haiwi mbali na bamvua, tena katika majira ya mabamvua makubwa. Krismasi peke yake huja na maji yoyote yale.

Sasa tazama bamvua linavyofaa. Asubuhi ya bamvua, Paje na Jambiani katika pwani ya mashariki ya Unguja, bahari hurudi nyuma kilomita moja au zaidi hadi kwenye mwamba. Wageni wengi huona hilo kama kasoro na hulalamika kwamba bahari imekauka. Mimi naona hiyo ndiyo saa pwani hiyo inapokuwa na watu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza vijijini humo mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Vigingi vimepigwa mchangani kwa safu, kamba zimevutwa baina ya vigingi, na juu ya kila kamba vipande vya mwani vimefungwa kimoja kimoja kwa vikamba vyembamba. Baada ya wiki kama sita huvunwa, hupakiwa magunia na kuanikwa. Mwisho wake ni unga wa kuzitia uzito bidhaa kama dawa ya meno na aiskrimu. Kazi hiyo hufuata bamvua, kwa sababu siku za maji mafu mashamba mengi hayaachwi wazi vya kutosha. Mtalii aliyeandikiwa kutembelea mashamba ya mwani siku ya maji mafu ataona ncha za vigingi na maji ya kiunoni.

Lakini asubuhi hiyo hiyo ina hatari yake, na mabaharia wana hesabu ya kuipima. Maji hayapandi kwa kasi moja. Gawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu na ya nne mafungu 3 kila moja, kisha 2, kisha 1. Kwa bamvua la mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, jambo ambalo mtu aliye kwenye mwamba akitafuta pweza hata halioni. Saa ya tatu ni sentimita 90. Na kwa kuwa katikati ya mwamba na ufukwe mara nyingi pana bonde, maji hulijaza bonde kwanza, nyuma ya mgongo wa aliyesimama mwambani. Wenyeji huanza kurudi maji yakigeuka tu. Mgeni hungoja ayaone yamefika miguuni, na kufikia hapo njia ya kurudia imekwisha kuwa ya kuogelea.

Maji mafu yana mahali pake pia. Mkondo ukiwa dhaifu, mchanga hautibuliwi sana na maji huwa angavu, kwa hiyo ni siku za kuogelea kwa miwani na mrija kwenye matumbawe ya Kisite, Chumbe au Mbudya. Mida, karibu na Watamu, inataka kitu cha tatu: maji yanayopanda. Yakipwa, ndege wanaohamia huku kutoka Ulaya na Asia kati ya Oktoba na Machi hutawanyika mbali kwenye tope. Yakijaa husukumwa karibu na mikoko, na hapo ndipo darubini hupata kazi. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, hufikiwa kwa mashua kupitia mkondo wa mikoko maji yakiwa yamejaa tu. Bamvua hukupa alasiri, maji mafu hukupa asubuhi, ila katika maji mafu uliza kwanza kama kina kitatosha. Songo Mnara, iliyoingizwa pamoja na Kilwa Kisiwani katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, hukubali wageni hata maji yakipwa, mradi wako tayari kushuka na kukanyaga tope la mikoko, viatu mkononi.

Pingamizi la kwanza ni la mwajiriwa: mimi sina ila Jumamosi, mwezi utanisaidia nini? Utamsaidia zaidi kuliko anavyodhani. Kutoka bamvua hadi bamvua ni siku 14 na robo tatu hivi, yaani karibu majuma mawili kamili. Jumamosi hii ikiwa ya bamvua, ijayo ni ya maji mafu, na ya tatu ni ya bamvua tena. Mpangilio huo husogea polepole, na kuna vipindi Jumamosi zote huwa za katikati. Hata hivyo asiye na uwezo wa kubadili siku bado ana uwezo wa kubadili mahali.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: nahodha anajua, basi aachiwe. Anajua kweli, tena kuliko jedwali lolote la mamlaka ya bandari, maana yeye anajua na mlango wa mwamba na fungu lililohama mwaka jana. Tatizo ni kwamba hulipwa kwa saa aliyoichagua mteja. Anayetaka kuondoka saa 3 na kurudi saa 9 atapata wa kumkubalia, kwa sababu akikataliwa na huyu atakwenda kwa yule. Afadhali umtajie nahodha siku, naye akutajie saa, na bei ijadiliwe baada ya hapo.

Wahifadhi nao watasema kwamba kuwasifia watu kupwa ni kuwatuma wakaponde matumbawe. Hilo nalikubali, na linapunguza ninachopendekeza: mtembezi atembee juu ya mchanga na katika njia anazoonyeshwa na mwenyeji, asivuke kamba za mwani, na kombe hai lisitoke majini kwa ajili ya picha. Palipo na njia ya mbao, kama ile ya wanawake wa Gazi katika mikoko ya kusini mwa Mombasa, kiingilio chake ni kidogo kuliko madhara ya kutoitumia.

Kuna mahali maji hayana neno: Gede, Ngome ya Yesu, Kaole, vichochoro vya Mji Mkongwe. Hapo ni pa kujazia zile saa ambazo bahari haifai. Na kuna jambo moja ambalo hesabu yote hii hailigusi, nalo ni upepo. Kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi huinuka upepo ukipambana na mkondo, na safari ya Maziwe au Kisite iliyo sahihi kwa mwezi huwa mbaya kwa bahari. Nahodha anayekataa kutoka asubuhi kama hiyo apewe kifuta jasho kwa kuamka alfajiri, asibembelezwe.