Nyota, namba, reli: vinara wa serikali mtandao, kuanzia Kibuta

Ukitoka Dar es Salaam ukapanda vilima vya Pugu, ukaiacha Kisarawe mjini na kuzama Uzaramoni, utafika kata ya Kibuta: mihogo, mikorosho, na shule ya wasichana yenye jina la aliyekuwa mkuu wa wilaya. Shule hiyo ndiyo iliyonifanya nianzie huku kugawa mataji yangu ya serikali mtandao.

Taji la mvuto lina mwenyewe. Jokate Mwegelo alipoteuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe, Julai 2018, alikuja na kitu ambacho ofisi nyingi za serikali hazijawahi kuwa nacho: umati wa wafuasi Instagram. Mwaka 2019 akaanzisha Tokomeza Zero, kampeni ya kufuta sifuri katika matokeo ya sekondari. Michango ikaombwa hadharani, kwenye hafla na kwenye kurasa za mitandao, na watu wasioijua hata njia ya kwenda Kisarawe wakaanza kuizungumzia wilaya hiyo. Sekondari ya Wasichana ya Jokate Mwegelo ikasimama Kibuta. Kasoro yake naiona moja. Wafuasi walikuwa wa Jokate, si wa kiti. Juni 2021 alipohamishiwa Temeke, simu ilihama naye. Halmashauri ina tovuti yake, lakini tuseme ukweli, nani hufungua tovuti ya halmashauri kwa raha zake?

Mkongwe kati ya tunaowakumbuka ni Tovuti ya Wananchi ya enzi za Rais Kikwete, ambako mtu aliandika kero yake moja kwa moja kwa serikali. Ilikuwa hatua ya kijasiri kwa wakati ule, ila ilimtaka mwenye kero awe na kompyuta, na wenye kero nyingi ndio hao wasiokuwa nayo.

Kwa ufupi wa namba hakuna anayeishinda *106#. Bonyeza nyota, mia moja na sita, reli, uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Wengi wamekutana hapo na laini wasizozijua.

Iliyozoeleka kuliko zote bila shaka ni kontrol namba, iliyokuja na mfumo wa malipo ya serikali, GePG, mwaka 2017. Tarakimu 12, mwanzo 99. Bibi wa Kibuta anayelipia kiwanja anaitamka bila kujua kuwa anatumia serikali mtandao. Ubaya wake ni kwamba inakusanya tu: haikuulizi unaonaje.

Kwa kuuliza, rekodi inashikwa na maandalizi ya Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025. Maoni yalikusanywa kwenye mikutano, mtandaoni na kwa ujumbe wa simu, na waliotoa yao walipita milioni 1. Kwa kuhesabu, kinara ni Sensa ya Agosti 2022, ya kwanza nchini kufanywa kwa vishikwambi. Tulipatikana watu 61,741,120, kisha vishikwambi vikaenda kwa walimu.

Majirani nao wamo. Kenya ilitangaza Juni 2023 kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimeingia eCitizen. Mwezi uliofuata mfumo huo ukashambuliwa na wadukuzi, na nchi nzima ikajua maana ya kuweka mayai yote kwenye kapu moja. Mbali zaidi, Denmark imeongoza orodha ya Umoja wa Mataifa ya serikali mtandao mara nne mfululizo, 2018 hadi 2024, na Estonia mwaka 2023 ilifanya uchaguzi wa bunge ambao zaidi ya nusu ya kura zilipigwa kwa intaneti.

Na sisi? Kwenye kipimo chake cha serikali mtandao, Benki ya Dunia mwaka 2022 iliipandisha Tanzania kutoka nafasi ya 90 hadi ya 26 kati ya nchi 198, ya pili Afrika nyuma ya Mauritius. Sifa njema, ila kipimo hicho hutazama mifumo iliyopo serikalini. Hakipandi bodaboda kwenda shambani kuuliza kama mtandao unashika.

Ndiyo maana taji langu kubwa naupa e-Mrejesho, mfumo wa Mamlaka ya Serikali Mtandao wa kupokea malalamiko, maswali, maoni na hata pongezi. Juni 2024 ulitunukiwa huko Incheon, Korea Kusini, Tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Utumishi wa Umma. Lakini siupi taji kwa sababu ya Incheon. Naupa kwa sababu unapatikana pia kwa *152*00#, bila bando, kwenye kitochi kilichofungwa mpira. Na tofauti na sanduku la maoni lenye kufuli lililotundikwa mlangoni, unakupa namba ya kufuatilia kero yako ilipofika.

Kwa hiyo kama kisima cha kijiji chenu kimekufa na kila kikao mnaambiwa "tumelipokea", bonyeza. Namba utakayopewa iandike kwenye daftari, uende nayo kwenye kikao kijacho.