Mhandisi, Mgavi na Fundi: Mchezo Unaomsaidia Mtoto Mwenye Usonji

Kwenye shughuli zetu hapa ughaibuni hakosekani mtoto anayejitenga pembeni, na wazazi husemwa eti hawakumfunza adabu. Pengine mtoto huyo ana usonji. Anaweza kutaka sana marafiki, ila hajui aanzie wapi.

Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel LeGoff, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alichapisha utafiti kuhusu njia ambayo sisi wa uhandisi tutaielewa haraka. Watoto watatu wanajenga kitu kimoja kwa vipande vya Lego. Mmoja ni mhandisi: anasoma mchoro na kuwaeleza wenzake. Wa pili ni mgavi: anatafuta kipande kilichotajwa. Wa tatu ni fundi: anaunganisha. Baadaye wanabadilishana kazi.

Hapo hakuna anayeweza kumaliza peke yake. Lazima uulize, usikilize, ungoje zamu yako. Yaani mazungumzo yanaletwa na kazi yenyewe, siyo amri ya "hebu salimia watu!" Mtu mzima yupo karibu, lakini watoto wakikwaruzana huwaachia kwanza watafute suluhu wenyewe.

Njia hii haiondoi usonji, wala haimfai kila mtoto. Lakini kanuni yake unaweza kuitumia hata jikoni: mmoja anataja vipimo vya chapati, mwingine analeta unga, wa tatu anakanda.

Basi tukikutana tena, tuache kumhoji mama yake. Tumtafutie mtoto kazi ya kufanya na wenzake.