Mafuta Yakipatikana, Shamba la Mama Litakuwaje?

Akina mama wa Gairo wanaijua ardhi kwa jembe. Viazi vitamu vinavyouzwa kando ya barabara ya Dodoma, mahindi, maharage na alizeti, vyote vimepita mikononi mwao. Tena Wakaguru ni watu wanaofuata ukoo wa mama, na shamba kwao si mali ya baba peke yake. Kwa hiyo mazungumzo ya mafuta nayo yasiachiwe baba peke yake.

Jambo lenyewe si la mbali. Mwaka 2012 kampuni ya Swala ilipewa leseni ya kutafuta mafuta na gesi eneo la Kilosa–Kilombero, humu humu mkoani Morogoro. Na kwa majirani zetu wa Kiteto na Kilindi ndiko iliko njia ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kilomita 1,147 ziko Tanzania.

Faida zipo, tusizikatae. Barabara hufunguliwa, vijana hupata vibarua, mama lishe huuza chakula. Lakini vibarua vingi ni vya wakati wa ujenzi tu. Bomba likishafukiwa hubaki walinzi na mafundi wachache. Wageni wenye fedha nao huondoka, wakiacha mimba na maradhi. Mama mwenye binti anaelewa ninachosema.

Tutazame Hoima kwenyewe, ambako mafuta yaligunduliwa mwaka 2006. Kuanzia 2012 watu zaidi ya 7,000 wa vijiji 13 vya Kabaale walitakiwa kupisha kiwanda cha kusafishia mafuta. Waliochagua fedha walilipwa wakaondoka. Waliochagua ardhi nyingine walingoja mpaka 2017 ndipo wakahamia Kyakaboga. Fikiria, mama, miaka yote hiyo hujui upande mwembe au usipande, ukarabati paa au uache! Na wapo wanawake waliolalamika kwamba waume zao walichukua fidia, wakaenda nayo mjini kwa mke mwingine. Fidia huja siku moja, lakini watoto wanakula kila siku.

Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wakuu wakadai urithi wao, na Bwana akasema wamenena haki (Hesabu 27). Basi kudai si utovu wa adabu kwa mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua haki ya mke aliyelitunza shamba kwa jasho lake. Na katika baraza la ardhi la kijiji, kati ya wajumbe 7, wanawake wasipungue 3. Je, kijijini kwenu wapo, na wanasema?

Wathamini wakija, usibaki jikoni. Nenda shambani pamoja na baba watoto, majina yenu yote mawili yaandikwe kwenye fomu, na mkubaliane mapema fedha itaingia akaunti gani. Mbali na thamani ya ardhi, ulizeni posho ya usumbufu, ya usafiri na ya pango la miezi 36. Kabla ya saini, hesabuni tena miti, kisima, zizi, hata makaburi, maana hulipwa kile kilichoandikwa.